Fundi Anajibu: Waya umeingia kwenye tundu, mbona haufanyi kazi?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za waya. Kuna wa TV, wa intaneti, wa dishi, na ukizisoma kwa pamoja unaona shida ni ile ile, mtu kaenda dukani, kaangalia kichwa cha waya, kaona kitaingia kwenye tundu lake, kalipa kaondoka. Kichwa kuingia hakusemi chochote kuhusu kilichomo ndani ya ule mpira, na mi naumia kuona watu wanapoteza hela kwa jambo hili kila siku, kwa hiyo leo nimechagua barua tano na nyingine nimezijibu kwa kirefu kuliko kawaida.

Shikamoo anko. Nina stesheneri hapa Mwanza, nimeingiza faiba ya megabiti 200. Simu kwa wifi inapata mpaka 180 lakini kompyuta iliyochomekwa waya haivuki 95. Waya ni mpya, umeandikwa daraja la Cat6, fundi kaupima na ile mashine ya taa, zote nane zimewaka. Watu wa intaneti wanasema kwao kuko sawa. Tatizo liko wapi?

Marahaba mwanangu. Hiyo 95 yenyewe imeshasema mengi. Waya wa intaneti una nyaya ndogo nane, zimesokotwa mbilimbili, yaani jozi nne. Megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili tu, ila kufika gigabiti moja, yaani megabiti 1000, lazima jozi zote nne zifanye kazi vizuri, moja ikisumbua kompyuta na rauta mara nyingi zinashuka mpaka 100, na ukitoa kile kidogo kinacholiwa njiani unabaki na 94 au 95 yako. Kwanza hakikisha matundu, kuna rauta na kompyuta ambazo tundu lenyewe mwisho wake ni 100, hapo ubadilishe waya mara ngapi hupati kitu. Kama pande zote mbili ni gigabiti basi rudi kwenye waya.

Sasa hizo taa nane, zinaponza mafundi wengi sana. Ile mashine inaangalia tu kama pini, yaani jino la shaba la kichwani, ya 1 ya huku imefika pini ya 1 ya kule, hivyo hivyo mpaka ya 8, haijui nani kasokotwa na nani. Chukua kichwa cha waya ukiangalie kwenye mwanga, kile kiulimi cha kubonyeza kikae upande wa nyuma, meno ya shaba yawe juu, halafu soma rangi kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Unaona kijani na mwenzake wametenganishwa, mmoja namba 3 mwingine namba 6, bluu wako katikati? Ndo inavyotakiwa, kwa sababu pini ya 3 na ya 6 zinafanya kazi kama jozi moja. Fundi asiyejua hilo anapanga kwa kupendeza macho, chungwa na chungwa, kijani na kijani, bluu na bluu, pande zote mbili sawasawa, na taa zinawaka zote, lakini hapo pini ya 3 na ya 6 zimetoka jozi tofauti na ule msokoto unaozuia nyaya zisiingiliane umekosa kazi. Waya wa mita mbili unaweza kuvumilia, wa kuzunguka duka zima unaweza kugoma kabisa. Kata vichwa vyote viwili mpange upya, na msifungue msokoto zaidi ya sentimita moja na ushee kabla ya kuingiza kichwani.

Fundi akiwa bado na kisu mkononi mwambie akwangue uzi mmoja. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na imejaa madukani ikiwa imeandikwa Cat6 kama kawaida. Boksi lake utalijua hata kwa kulibeba, ni jepesi. Inakatika haraka ukiikunjakunja na umeme unapita kwa shida zaidi kuliko kwenye shaba, kwa hiyo kama kuna siku utafunga kamera zinazopokea umeme kupitia waya huo huo wa intaneti usithubutu kuitumia, inapata moto. Kwa matumizi yako hata Cat5e, daraja la chini ya Cat6, ya shaba tupu ingekutosha, ile inabeba gigabiti moja mpaka mita 100. Cat6 inafika gigabiti 10 ila kwa umbali wa kama mita 55 hivi, ukitaka 10 kwa mita zote 100 ndo unaenda Cat6A.

Fundi habari. Nimenunua TV mpya, haina yale matundu ya rangi tatu, na deki yangu ya DVD ina rangi tatu tu. Dukani wakanipa waya una kichwa bapa cha HDMI upande mmoja na njano, nyekundu, nyeupe upande wa pili. Nimechomeka, hakuna kitu, giza. Niurudishe? Mama wa Tabata.

Urudishe mama, leo hii kama risiti bado unayo. Zile rangi tatu zinabeba picha na sauti kwa mtindo wa zamani wa analogia, njano ni picha, nyeupe sauti ya kushoto na nyekundu ya kulia. HDMI ni dijitali. Hakuna namna waya mtupu utageuza moja kuwa nyingine, lazima kuwe na kidubwasha katikati chenye umeme wake, mafundi wanakiita konveta. Na sema vizuri unapoenda: unataka cha kutoka AV, yaani hizo rangi tatu, kwenda HDMI, maana kuna cha kinyume, vinafanana kama mapacha na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Ila kabla hujatoa hela angalia nyuma ya TV kama kuna kitundu kidogo cha duara mfano wa cha hedifoni kimeandikwa AV, TV nyingi mpya zimehamishia rangi tatu humo na kinachotakiwa ni kawaya ka bei ndogo tu. Picha isikutie presha, itakuwa na ukungu kidogo kwenye kioo kikubwa, DVD ndo mwisho wake hapo.

Anko mambo. Waya wa taipu C unachaji simu vizuri ila kwenye laptop simu haionekani kabisa. Simu mbovu?

Poa. Vuta kwanza menyu ya juu ya simu uone kama imekaa kwenye kuchaji tu, weka kuhamisha faili. Ikigoma bado, waya wako hauna nyaya za data, ni wa kuchajia basi, wapo wengi na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hata wenye data hawalingani, wengi wanaokuja na simu spidi yao ni megabiti 480 kwa sekunde ile ya USB 2.0, wakati kuna wanaofika gigabiti 40 na kichwa ni kile kile. iPhone 15 Pro ya 2023 simu yenyewe inaweza gigabiti 10 lakini waya uliomo kwenye boksi ni wa 480. Na ukitaka kuchajia laptop, waya wa kawaida unaishia wati 60, zaidi ya hapo unahitaji wenye chipu ndani, tafuta ulioandikwa 100 au 240.

Hujambo fundi. Niko Mombasa, mvua ikinyesha dekoda inakata, hilo najua ni kawaida. Lakini sasa mvua inaisha, siku mbili nzima baadhi ya chaneli hakuna na nyingine ziko sawa. Fundi anataka kubadilisha dishi.

Sijambo ndugu. Asiguse dishi kwanza. Mvua kubwa inakula mawimbi yenyewe, hiyo ikiisha picha inarudi. Inayokaa siku mbili ni maji ndani ya waya. Ule waya haushushi mawimbi tu, unapandisha pia umeme kwenda kwenye lile jicho la dishi, volti 13 kwa kundi moja la chaneli na volti 18 kwa kundi lingine. Waya ukishika kutu umeme unapungua njiani, ile 18 haifiki juu ikiwa 18, kundi lake zima linapotea na la 13 linabaki. Na kwa chumvi ya hewa ya pwani kutu haichelewi. Fungua kichwa kule juu, ukikuta shaba ya katikati nyeusi au ile nyavu ya nyuzi inayoizunguka imekuwa na unga wa kijani, usikate kipande ukaunga, vuta waya mpya wa dishi, aina ya RG6, mzima. Kwenye kichwa hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa nyavu unaogusa shaba ya katikati. Funga na utepe wa mpira wa kuzuia maji, na kabla waya haujaingia ukutani uache ushuke kidogo kama kitanzi ili maji yadondokee hapo.

Kanisani kwetu Dodoma projekta iko mita 15 toka meza ya laptop. Picha inapepesa, kuna muuzaji anasema tununue HDMI ya vichwa vya dhahabu, bei yake imetushtua.

Dhahabu inazuia kutu kwenye kichwa, picha haiongezi. Shida yenu ni urefu. HDMI ya shaba ikivuka mita kumi inaanza kusumbua, zaidi kwa picha ya 4K, ile kali zaidi. Kama projekta yenu ni ya 1080p, ukali wa chini ya 4K, jaribuni kwanza kushusha laptop kutoka 4K, pengine kupepesa kutaisha bila kununua chochote. Ikishindikana nunueni HDMI ya faiba, inayopeleka picha kwa mwanga. Ile ina mwelekeo, kichwa kimoja kimeandikwa Source kinakaa kwenye laptop, kingine Display kwenye projekta, mkigeuza hakuna picha. Haikatwi wala haiungwi, kwa hiyo bomba la ukutani liwe pana kichwa kipite, na muujaribu kwanza ukiwa chini sakafuni kabla fundi hajapanda ngazi.