Kudunga mbegu baada ya urutubishaji kushindwa: saa ndizo zinazoamua

Dada, umeuliza kwa nini daktari hakukubali kuyadunga mbegu mayai yako (yaani kuingiza mbegu moja ya kiume ndani ya kila yai kwa sindano) siku iliyofuata, baada ya kukutwa kwamba hakuna hata moja lililorutubika maabara. Nadhani alikushauri vyema, ingawa alipaswa kukueleza sababu.

Kwa kawaida mayai hukaguliwa saa 16 hadi 18 baada ya kuchanganywa na mbegu, na kufikia hapo yai lisilorutubika limekwisha kuanza kuzeeka. Likidungwa huenda likarutubika, lakini kiinitete chake mara nyingi huwa dhaifu, na kikipandikizwa katika mzunguko uleule hukuta ukuta wa mji wa mimba umekwisha kukitangulia katika kukomaa, hivyo haviendi sambamba.

Njia yenye matumaini zaidi ni kukagua mapema, takriban saa 6 baada ya kuchanganya, ambapo mtaalamu huondoa seli zinazolizunguka yai na kutafuta kijiseli cha pili ambacho yai hukitoa baada ya mbegu kuingia, na kisipoonekana ndipo hulidunga. Hatari yake ni kwamba kijiseli hicho kinaweza kuchelewa, sindano ikaongeza mbegu ya pili, na kiinitete kikawa hakifai.

Kwa kuwa mmeshakosa urutubishaji kabisa mara moja, mimi ningejadiliana na daktari kuhusu kudunga mayai yote, au nusu yake, tangu mwanzo. Akipendelea ukaguzi wa mapema, muulize iwapo maabara ina mtaalamu wa kubaki hadi usiku.