Kumrushia polisi panga ili usikamatwe: adhabu yake Kenya

Je, ni lazima askari ajeruhiwe ndipo aliyemrushia panga ashtakiwe kwa kosa zito? Hapana, si lazima. Kwa sheria ya Kenya, mtu aliyemrushia polisi panga ili asikamatwe, hata kama lilimkosa na kuangukia mtaroni, anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 231 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinataja waziwazi jaribio la kumpiga mtu kwa mkuki, upanga, kisu au silaha nyingine ya hatari kwa nia ya kuzuia ukamataji halali, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Wengi hukichanganya na kifungu cha 253, kinachohusu kumshambulia au kumzuia polisi aliye kazini, ambacho kikomo chake ni miaka 5. Bunduki ina sheria yake, na humo hata bastola bandia inatosha kumtia mtu hatiani. Neno la kuangalia katika kifungu cha 231 ni “halali”: upande wa mashtaka ukishindwa kuonyesha kwamba ukamataji wenyewe ulifuata sheria, nia ya kuuzuia peke yake haitoshi, ingawa kumjeruhi mtu kunaweza bado kuwa kosa chini ya kifungu kingine.