Fremu ya stadi ndani ya kontena: niliyojifunza kwa kuharibu

Mdogo wangu unayeanza kazi hii ya kugeuza kontena kuwa chumba cha biashara, tuelewane kwanza kwenye maneno. Mteja wa Dar akikwambia "nataka fremu", anazungumzia chumba cha biashara. Wewe ukisema fremu, unazungumzia mifupa ya chuma itakayobeba jipsamu. Malizaneni hapo kabla hamjataja bei.

Kontena langu la kwanza lilikuwa la futi 20, saluni ya kike, Sinza. Siku nne nikamaliza, nikajiona fundi. Nilichofanya ni kuegemeza stadi, yaani nguzo za wima za fremu, kwenye mikunjo ya bati na kuzipiga skrubu za kujitoboa moja kwa moja ukutani. Zilikaza vizuri kweli. Masika ilipofika, kila ncha ya skrubu iliyochungulia nje ilikuwa imeshuka mchirizi wa kutu, na maji yamefuata skrubu hizohizo mpaka ndani. Nilipobandua bodi ya kwanza ya jipsamu, pamba ya kioo ya kuzuia joto ilikuwa nzito kama tambala la deki. Ukuta mzima niliurudia kwa hela yangu.

Bati la ukutani la kontena lina milimita 1.6 hadi 2 tu. Hilo ndilo paa lako, ndilo tofali lako, ndilo plasta yako. Usilitoboe. Fremu isimame yenyewe, kama kabati lililoingizwa chumbani: chaneli ya chini, ile reli inayoshika miguu ya stadi, ifungwe kwenye sakafu, na ya juu ishikwe kwa vipande vya engo kwenye ule mhimili mnene unaopita juu ya ukuta kwa urefu. Mhimili huo ni bomba la mraba, skrubu fupi inaishia tumboni mwake bila kutokea nje. Kati ya stadi na mikunjo acha sentimita moja na nusu. Chuma kikigusa chuma, joto la saa saba mchana linapita kwenye stadi kama umeme, na mteja ataona feni yake haifanyi kazi. Kumbuka pia pete za kufungia mizigo zilizo kandokando ya sakafu: zilaze au zikate mapema, la sivyo chaneli haitanyooka.

Lakini hata kabla ya kushika futikamba, funga na ufungue milango ya kontena. Ikiwa migumu, au komeo halikai mahali pake, mara nyingi kontena limekaa upande. Kontena hubebwa na kona zake nne. Kona moja ikizama kwenye mchanga, boksi zima linajinyonga. Weka jeki, ongeza tofali la zege, jaribu milango tena. Nimeona vijana wanapima siku nzima kwa pima maji ndani ya kontena lililoinama, halafu wanalaumu stadi.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kontena limenyooka kwa sababu limetoka kiwandani. Limeshasafiri, limeshagongwa. Vuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho, tafuta mahali ukuta ulipobonyea zaidi kuelekea ndani, hapo ndipo unapoanzia. Mstari wa chini ukishachorwa, uhamishie juu kwa timazi, si kwa kupima kutoka ukutani.

Sasa hesabu ya upana, kwa sababu hapa ndipo wateja wanapolia. Ndani ya kontena upana ni mita 2.35. Ukitumia stadi ya milimita 50, bodi ya 12 na ile nafasi ya nyuma, kila upande unakula karibu sentimita 8. Zinabaki mita 2.20 hivi. Ukichukua stadi ya 70 kwa kutaka "uimara", umemnyang'anya sentimita 4 nyingine bila faida yoyote. Kwa kimo, kontena la kawaida lina mita 2.39 ndani, kwa hiyo bodi ya mita 2.44 lazima uikate. Mteja akiwa bado hajanunua, mshauri achukue lile refu linaloongeza futi moja. Akishaweka dari atakushukuru.

Stadi zipangwe sentimita 40 katikati hadi katikati kama ukuta utabeba vioo na rafu. Kata kila stadi iwe fupi kwa nusu sentimita ndani ya chaneli ya juu, maana chuma cha kontena kinatanuka mchana na kusinyaa usiku. Midomo yote ya stadi, yaani pande zilizo wazi, ielekee upande mmoja. Na hili hakuna aliyeniambia: bodi ya kwanza iishie upande wa mdomo wa stadi, ile inayofuata ije upande wa mgongo. Ukigeuza, skrubu ya bodi ya pili inausukuma ule mdomo laini unajikunja, na kiungo kinatoa bonde ambalo skimu, ile plasta nyembamba ya kulainisha, haitalificha. Bodi zikae sentimita moja juu ya sakafu, zisinywe maji ya deki.

Madirisha yakatwe kabla ya fremu, na kila tundu lizungushiwe skwea paipu iliyochomelewa, kwa sababu ile mikunjo ndiyo inayolipa bati nguvu. Stadi zenyewe kata kwa mkasi wa bati. Grainda inaunguza zinki na kuacha ncha inayoanza kutu.

Dari usiibandike kwenye bati la juu. Alfajiri bati hilo hutoa jasho, na matone yataichora jipsamu ramani ya Afrika.

Nyaya zipite ndani ya konduiti, na kila tundu la stadi livalishwe raba, kwani kingo zake ni wembe. Kontena zima liwe na eathi yake iliyozikwa ardhini. Hapo usikubali mteja apunguze gharama. Waya mmoja ukichubuka, ukuta wote unakuwa na umeme.

Kabla ya kufunga bodi, piga picha kila ukuta huku futikamba imelazwa chini. Mwakani mteja akitaka kutundika kioo, unamtumia picha kwa simu badala ya kupanda daladala.