Laptop yangu, feni, na trei ya mayai

Mkuu, umeuliza kama mtu asiyesomea ufundi anaweza kufungua laptop inayochemka na kujizima yenyewe, au atakuwa anajitafutia hasara. Nakujibu kwa yaliyonikuta. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari hapa Dodoma, na hadi mwaka juzi kifaa pekee nilichokuwa nimewahi kukifungua nyumbani ni rimoti, kubadilisha betri.

Laptop yangu ni ya mtumba, nimekaa nayo miaka minne. Vumbi la huku unalijua, hasa mwezi wa nane upepo ukianza. Ilianza kuvuma, kisha kukwaruza, kisha ikawa nikiipakata inaniunguza mapaja. Baadaye ikaanza kujizima katikati ya kazi. Asubuhi moja nikaiwasha, kioo kikabaki cheusi na maneno mawili pembeni: Fan error. Sekunde chache, kimya. Ndani yake kulikuwa na alama zote za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na nilitakiwa kuziwasilisha Ijumaa.

Nikaipeleka kwa fundi. Hakuifungua. Aliiwasha mara mbili, akasema bodi, yaani sakiti kuu ya mashine, imekufa, niache mashine na laki moja na nusu. Nikamshukuru, nikarudi nayo nyumbani. Bei iliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni kwamba mashine yenyewe imelalamikia feni, na yeye anazungumzia bodi.

Usiku ule nikakaa na simu kusoma. Feni ya laptop huwa na waya wa ziada unaorudisha taarifa ya mzunguko. Mashine ikiwaka inaiamuru feni izunguke, kisha inasubiri jibu. Jibu lisipokuja, mashine nyingine zinakataa kabisa kuendelea, kwa sababu prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi zote, bila feni ingechemka kupita kiasi. Kwa hiyo yale maneno mawili yalikuwa na maana ileile yaliyoandikwa. Nikakuta pia watu wanasema kwamba ukiisaidia feni kuzunguka wakati unawasha, mashine inaweza kudanganyika na kupita. Nikaazima pampu ya baiskeli ya kijana wa jirani. Binti yangu, ana miaka tisa, akashika mdomo wa pampu kwenye tundu la pembeni, mimi nikasukuma huku nikibonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ikajivuta, ikakoroma, ikazunguka. Mashine ikawaka! Nilinakili alama zote kwenye flashi kwa dakika sita, nikaizima kabla haijachemka.

Hapo nilijua bodi ni nzima. Nakwambia mkuu, furaha ya kutengeneza kitu haikuanza nilipofunga skrubu ya mwisho. Ilianza pale, mashine ikiwa bado mbovu, kwa sababu ugonjwa nilikuwa nimeujua.

Feni nikaagiza Kariakoo kwa namba iliyochapwa chini ya mashine, elfu ishirini na tano, nikatumiwa kwa basi. Wakati naisubiri nikasoma kitabu cha matengenezo cha modeli yangu. Kampuni kadhaa huweka vitabu hivi mtandaoni bure, vina picha za kila skrubu na urefu wake. Kuna pia iFixit, tovuti iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003 na wanafunzi wawili wa chuo, baada ya mmoja wao kutaka kutengeneza laptop yake na kukosa maelekezo. Tafuta modeli yako hapo kabla hujagusa chochote.

Kazi yenyewe niliifanya Jumamosi, mezani, juu ya shuka jeupe ili kinachodondoka kionekane. Nikatoa chaja, nikatoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki uishe. Kiangazi cha huku hewa ni kavu sana, na ule umeme wa mwili unaokurusha ukishika kitasa unaweza kuua bodi, kwa hiyo kila mara nilikuwa nashika kwanza fremu ya chuma ya dirisha. Skrubu niliziweka kwenye trei ya mayai. Kila hatua na shimo lake, na binti anaandika namba kwa penseli. Usidharau jambo hili. Skrubu za laptop hazilingani urefu, na ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa au kubana kitu chini yake. Kila kilichofunguka nilikipiga picha kwanza.

Mfuniko haukutoka kwa bisibisi peke yake, kuna vishikizo vya plastiki kuzunguka ukingo. Nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda, taratibu, upande kwa upande. Kinapoachia kinalia kama kitu kinachovunjika. Mara ya kwanza nilisimama na moyo ukanienda mbio, lakini ndivyo vinavyolia.

Ndani sasa. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya kutolea joto palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, rangi ya kijivu yenye wekundu wa udongo wetu. Nililibandua zima, kwa kibano cha nyusi, likatoka na umbo la mapezi limejichora upande mmoja. Hewa haikuwa na pa kupita hata kidogo. Feni yenyewe nikiizungusha kwa kidole inakwama nusu mzunguko.

Kinachounganisha prosesa na mapezi ni bomba bapa la shaba. Nilidhani ni chuma kitupu. Kumbe mabomba ya aina hii huwa na kimiminika kidogo ndani, mara nyingi maji, na hewa imeondolewa ili yachemke kwa joto dogo. Upande wa prosesa yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yanarejea yalikotoka. Nimefundisha joto fiche, lile linalobebwa na maji yakigeuka mvuke, miaka kumi na moja, nikichora birika ubaoni, na siku zote hizo lilikuwa linafanya kazi chini ya viganja vyangu nikichapa mitihani. Nilimweleza binti palepale, tochi ya simu mkononi mwake. Naona sijawahi kufundisha somo lile vizuri kama siku ile.

Juu ya prosesa ile pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa. Nikaifuta kwa pamba na alkoholi ya isopropili. Ulizia hiyo kwa jina, kwa sababu baadhi ya spiriti za dawa zina mafuta ambayo hubaki juu ya chuma. Pesti mpya ni kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Skrubu za pale zimeandikwa namba, zikaze kwa mfuatano ule, kila moja kidogo kidogo, ili chuma kilalie sawa.

Nikafunga, nikawasha. Feni ikazunguka, maneno yale hayakutokea, ila kibodi haikuandika herufi hata moja. Nilikaa kimya kama dakika tano nikitazama kioo. Kisha nikarudi kwenye picha zangu, nikaona utepe wa kibodi, ule waya bapa unaoiunganisha na bodi, kwenye picha umeingia hadi mstari mweupe, na nilivyokumbuka, nilipourudisha mimi mstari ule ulibaki nje. Nikafungua tena. Safari hii ilichukua dakika kumi na mbili, ile ya kwanza ilikuwa imenichukua saa mbili na nusu. Nikasukuma utepe, nikashusha kifungio chake, kila herufi ikaandika. Joto la prosesa, ambalo mwezi mmoja nyuma lilikuwa linapita nyuzi 95 nikifungua tu jedwali la alama, lilikaa 52. Binti aliweka sikio juu ya kibodi akasema, "Mama, haisikiki."

Jumla nilitumia elfu thelathini na nane, pamoja na bisibisi ninayo hadi leo.

Sisemi mafundi hawana kazi. Kuchomelea kitu kwenye bodi, chaja kwa ndani, au betri iliyovimba, usiguse, mpelekee anayejua, na iliyovimba usiitoboe wala usiibonyeze. Na laptop nyembamba za siku hizi nyingi ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine) imechomelewa kwenye bodi na betri imegundishwa, zinahitaji subira zaidi. Ufaransa tangu Januari 2021 laptop mpya dukani huwekewa alama, 0 hadi 10, ya jinsi inavyotengenezeka. Alama zile nitaziangalia kwanza siku nikinunua nyingine. Lakini ugonjwa ulioueleza wewe, kuchemka, kelele, kujizima, kwa kiasi kikubwa unafanana na wangu.

Kabla hujanunua chochote, iwashe usiku kukiwa kimya, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa, usikilize dakika mbili. Kisha niandikie hapa modeli kamili, kama kiganja kimepata upepo, na kama sauti ni ya kuvuma au ya kukwaruza. Picha ya ile karatasi iliyobandikwa chini ya laptop pia itasaidia, ila funika namba ya utambulisho wa mashine (serial number). Nipo hadi saa nne.