Andikeni Napoli hata kwenye habari za kimataifa

Mmeuliza wiki hii: je, magazeti ya Kiswahili yaendelee kuandika majina ya miji ya Ulaya kama wanavyoyaandika Waingereza? Jibu langu ni hapana, na ushahidi mnao wenyewe, kwenye kurasa za michezo.

Mpenzi wa soka wa Mwanza au Mombasa hasemi Naples, anasema Napoli. Anasema Torino na Sevilla. Akifungua ukurasa wa kimataifa, miji ileile inageuka kuwa Naples, Turin na Seville. Sidhani kama kuna mhariri aliyekaa akaamua hivyo. Habari inaingia kwa Kiingereza, mfasiri anabanwa na muda, jina linapita kama lilivyokuja. Tunaopoteza ni sisi, kwa sababu majina ya Kiitaliano yanaishia na irabu kama maneno yetu: Milano, Firenze, Venezia. Hata mtoto anayeanza kusoma anayasoma bila shida. Florence, kama Waingereza wanavyoiita Firenze, kwetu ni jina la mtu.

Waingereza siwalaumu. Cologne na Prague waliyapata kupitia Kifaransa. Livorno ya Italia waliiita Leghorn enzi meli zao zilipojaa bandarini pale, na jina hilo limebaki kwa kuku wa mayai, ingawa mji wenyewe siku hizi nao wanauita Livorno. Hiyo ni historia ya lugha yao. Sisi tunayo Roma, na tunayo Athene tangu kwenye Biblia. Kwa nini mtu aandike Athens?

Kwa miji mingine, wasikilizwe wenyeji, hata pale wanapolishikilia jina la Kiingereza. Waingereza waliokaa Genova, Italia, walianzisha klabu mwaka 1893 wakaiita Genoa. Utawala wa Mussolini, dikteta wa Italia, ukailazimisha klabu hiyo iitwe Genova, na Milan, iliyoanzishwa na Waingereza pia, ikawa Milano. Vita vilipokwisha, klabu zote mbili zilirudisha majina ya zamani, na mashabiki wanayaimba hadi leo. Kwa hiyo andikeni klabu ya Genoa, ya mji wa Genova. Waukraine nao walitaka kinyume chake. Kiev, jina la mji wao mkuu, lilitokana na Kirusi, na mwaka 2018 serikali yao ilianzisha kampeni ya kuutaka ulimwengu uandike Kyiv. BBC ilikubali mwaka 2019. Kama Waingereza wenyewe wameacha jina walilolizoea, sioni kwa nini wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi waling'ang'anie.

Najua ugumu uko kwenye majina kama München (Munich) na København (Copenhagen), yenye herufi tusizokuwa nazo. Simu na kompyuta za leo zinaziandika zote. Jina linapotajwa mara ya kwanza, liwekeeni la Kiingereza pembeni kwa anayetaka kulitafuta kwenye ramani, kisha endeleeni na la wenyeji hadi mwisho wa habari.