Kisanduku cha ruhusa kinapokwamisha jaribio: maswali yenu

Kaka, majaribio yangu ya Espresso (zana ya kujaribu programu za Android) yanakwama kisanduku cha ruhusa ya kamera kikitokea. Naambiwa kitufe hakipo, na mimi nakiona kabisa!

Unakiona wewe, Espresso haikioni. Kisanduku kile ni cha mfumo wa Android, na Espresso haivuki mipaka ya programu inayoijaribu. Toa ruhusa mapema, kabla jaribio halijaanza: weka `GrantPermissionRule` kwenye jaribio lenyewe, au tumia amri ya kompyuta `adb shell pm grant` ikifuatwa na jina la kifurushi na la ruhusa. Ruhusa isiyotajwa kwenye `AndroidManifest.xml` itakataliwa. Ukizitaka zote kwa mkupuo, sakinisha kwa `adb install -g`.

Nabonyeza kitufe chenye neno "Allow" kwa UI Automator, zana inayoweza kugusa hata visanduku vya mfumo. Kwangu inakubali, kwa mwenzangu inagoma. Simu yake ina nini?

Pengine ameiweka Kiswahili tu. Hata kwa Kiingereza maneno hayatulii: Android 10 ilileta chaguo la kuruhusu programu ikiwa inatumika, Android 11 ikaongeza la mara hii tu. Achana na maneno, tafuta kitambulisho cha kitufe. Kwa kamera, kuanzia Android 11, ni `permission_allow_foreground_only_button`. Kwa arifa ni `permission_allow_button`.

Nataka kujaribu mtumiaji anapokataa. Nikiita `pm revoke` katikati ya jaribio, kila kitu kinakufa.

Swali hili nimelisubiri muda mrefu. Programu ikinyang'anywa ruhusa, Android huua mchakato wake, na jaribio lako la Espresso linaishi humo humo. Umekata tawi ulilolikalia. Tumia Android Test Orchestrator, inayoendesha kila jaribio peke yake, na mpangilio wake `clearPackageData` unaofuta data, kila jaribio lianze na programu isiyo na data wala ruhusa, kisha bonyeza kitufe cha kukataa kwa UI Automator. `GrantPermissionRule` usiiweke hapo. Kazi yake ni kutoa ruhusa tu, kunyang'anya haijui.

Na usikatae mara moja ukaridhika. Kuanzia Android 11, mtumiaji akikataa ruhusa ile ile mara mbili, kisanduku hakirudi tena. Kwa hiyo kataa, kataa tena, halafu gusa kitufe cha kamera mara ya tatu. Programu nzuri itamweleza mtu aende kwenye mipangilio. Yako ikikaa kimya kama haijaguswa, hiyo ndiyo hitilafu, na aliyejizoesha kutoa ruhusa zote tangu mwanzo hataiona mpaka wateja waanze kupiga simu. Mimi niliwahi kuiona kwa njia hiyo ya simu. Sipendi wewe uipate hivyo.

Natumia Appium, zana nyingine ya kujaribu programu, nimeweka `autoGrantPermissions` itoe ruhusa yenyewe lakini haifanyi kitu.

Angalia `noReset`, mpangilio unaoiacha programu na hali yake ya awali. Ikiwa `true`, hizo mbili hazikai pamoja.

Na iPhone je?

Kwenye simuleta, `xcrun simctl privacy booted grant location` pamoja na kitambulisho cha programu hutosha kwa mahali. Picha na maikrofoni nazo zimo. Arifa hazimo. Kwa hizo, fungua `com.apple.springboard`, yaani skrini ya mwanzo ya iPhone, kama `XCUIApplication` kwenye jaribio lako ubonyeze kitufe mwenyewe, maana kisanduku chake kinakaa huko, si ndani ya programu yako.