Filamu za kikoloni ukutani: anza na mwendo

Anayetengeneza onyesho la video la chumba kizima kuhusu jinsi nchi za Magharibi zilivyowatazama watu wa kwingine, mara nyingi hukimbilia filamu za kikoloni. Ukizirusha ukutani zilivyo, waliochezewa shere zamani watachezewa tena, safari hii na wewe.

Shughulikia mwendo kabla ya lolote. Kamera za enzi ya filamu bubu zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu 16 hadi 18 kwa sekunde. Nakala iliyogeuzwa ovyo ikichezwa kwa 24 au 25, mama anayetwanga anageuka kikaragosi, na wageni wanacheka. Omba skani ya fremu kwa fremu, kisha jaribu 16, 17, 18 huku ukitazama maji yanayomwagika au nguo inayopepea. Mwili wa binadamu hudanganya jicho kuliko maji. Kutoka 16 kwenda 24, rudia fremu moja katika kila mbili. Picha itashtukashtuka kidogo, na iache hivyo. Programu ikiachiwa ibuni fremu za katikati, vidole vinayeyuka na unapata sura za watu wasiowahi kuishi.

Usikate mwanzo na mwisho wa kila kipande. Humo ndimo mtu anaposubiri amri, anapokodolea lenzi, au kivuli cha mpiga picha kinapoingia. Wahariri wa wakati ule walivitupa vingi. Vilivyosalia vina thamani kuliko ngoma nzima iliyorekodiwa.

Kadi za maandishi, yaani maelezo yanayotokea kati ya picha za filamu bubu, nazo usizifute, maana utakuwa umemficha msemaji. Zihamishie kwenye skrini ya pembeni, zisiende sambamba na picha, ili mgeni aone kwamba maneno yalibandikwa.

Kuhusu ukubwa: nyuso ziwe za kimo cha mtu, macho yakiwa kama sentimita 155 kutoka sakafuni. Uso wa mita tatu unamgeuza mtu kuwa pambo. Projekta ya uwiano wa 1.5 (umbali wake hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha) huhitaji mita 4.5 kwa picha yenye upana wa mita 3, ya 0.5 hukaa mita 1.5, na vivuli vya wageni hupungua. Ipange ielekee ukuta sawasawa. Kunyoosha picha iliyopinda kwa menyu ya projekta hupoteza pikseli.

Kibali cha makavazi hakitoshi. Ikiwa kijiji ilikopigwa filamu kinajulikana, tafuta wazao wa waliorekodiwa kabla ya kuhariri, kwani baadaye utakuwa unawaomba baraka tu.

Na si lazima utumie filamu hizo kabisa. Lisa Reihana, msanii wa Kimaori, alichukua karatasi za ukutani za Kifaransa za 1804–1805 zilizowachora watu wa Pasifiki kama Wagiriki wa kale, akaijaza mandhari ile waigizaji hai, akaongeza yaliyoachwa nje, na akaonyesha pia kifo cha James Cook, nahodha wa Kiingereza. Njia hiyo inadai waigizaji, mavazi na muda mrefu wa kuunganisha picha, kwa hiyo hesabu bajeti mapema.